Maamuzi ya kaunti kuhusu nyumba, ardhi na huduma mjini Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa barazani, kwenye mashua za Mokowe na katika mikutano ya wadi, ambako watu huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Amu (mji wenyewe wa Lamu), Shela, Matondoni au Kipungani anayesikia kwamba "kaunti itaamua", na anayetaka kujua itaamua lini, kwa sheria gani, na yeye aingilie mlango upi. Yanayouhusu Mji Mkongwe peke yake yametajwa hivyo. Mengine yanaihusu kaunti nzima.

## Misingi

1. Ni nani hasa anayeamua mambo ya nyumba, ardhi na huduma Lamu?

Wengi bado husema "kansili", ingawa mabaraza ya madiwani yalikoma kwa uchaguzi wa Machi 2013. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti mipango ya ardhi na ujenzi, makazi, uzoaji wa taka na majaa, makaburi, mitaro ya maji ya mvua, maji ya matumizi, barabara za kaunti na taa zake, zimamoto, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Gavana na mawaziri wake wa kaunti hupendekeza na kutekeleza. Bunge la Kaunti, lenye wawakilishi waliochaguliwa katika wadi 10 pamoja na walioteuliwa, ndilo linalopitisha sheria na bajeti.

Yako mambo ambayo si ya kaunti hata kidogo. Shule za msingi na za sekondari, polisi, utoaji wa hatimiliki na bandari kubwa iliyoanza kazi mwaka 2021 ni ya serikali ya taifa. Uhifadhi wa Mji Mkongwe uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, jambo linaloelezwa katika swali la 6. Kosa linalowapotezea watu muda kuliko yote ni kupeleka shauri kwenye mlango usio wake, kwa sababu mwakilishi wadi hawezi kukupa hatimiliki, hata kama aliahidi jukwaani.

2. Bodi ya Manispaa ya Lamu ni nini, na inatofautianaje na Bunge la Kaunti?

Bodi ya manispaa huundwa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011. Wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi: huteuliwa na gavana kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na idadi yao ni tisa. Kazi yao ni kuendesha huduma za mji kwa niaba ya kaunti, yaani usafi, mitaro, taa, masoko na mpango wa mji. Hawana mamlaka ya kutunga sheria za kaunti wala ya kujipangia kodi nje ya ile iliyopitishwa na Bunge.

Sheria hiyo hiyo inawapa wakazi haki ya kukutana katika mabaraza ya wananchi, kujadili huduma na kupeleka mapendekezo yao kwa bodi, na haki hiyo watu wachache sana huitumia. Mtaro ulioziba karibu na nyumbani kwako hushughulikiwa haraka zaidi ukipelekwa kwa meneja wa manispaa kwa barua yenye saini kumi za majirani kuliko ukisubiri kutajwa bungeni.

3. Maamuzi hufanyika lini katika mwaka?

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo hazitegemei hisani ya mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi, ambao hukata fungu la kila idara, hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kabla ya tarehe 30 Aprili na hupaswa kupitishwa kabla mwezi wa Juni haujaisha. Mswada wa Fedha, ambao ndio unaopanga ada za vibali, leseni za biashara na ushuru wa soko, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya Bunge kupitisha mswada wa matumizi.

Kwa hiyo anayetaka barabara ya Matondoni au kisima cha Kipungani kiingie kwenye bajeti asingoje mwezi wa Mei. Kufikia wakati huo mafungu yameshakatwa, na kinachobaki ni kuhamisha fedha za mradi mmoja kwenda kwa mwingine, kazi ambayo humfaa mwenye sauti kubwa zaidi. Wakati wa kusema ni Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa, na tena Januari na Februari. Mwenye duka au mashua ya abiria anayelalamikia ada afuatilie Mswada wa Fedha, kwa maana bajeti hupanga matumizi na mswada huo ndio unaopanga atakacholipa.

4. Je, mkutano wa kuhusisha umma una uzito wowote, au ni wa kunywa soda na kutia saini?

Mikutano ya namna hiyo imekuwapo, na hakuna haja ya kujifanya kwamba haikuwapo. Hata hivyo Lamu ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko kaunti nyingi kwamba ushirikishwaji uliofanywa vibaya unaweza kuangusha mradi mzima.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua shauri la wakazi na wavuvi dhidi ya mradi wa bandari, ikasema kwamba haki zao za kupata habari na za utamaduni zilikiukwa, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Taifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Sababu moja kuu ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, hivyo waliohudhuria hawakuweza kutoa maoni juu ya ripoti ambayo hawakuwa wameiona.

Hukumu hiyo ya pili inafundisha swali la kuuliza katika kila mkutano: "Hati tunayoijadili iko wapi, na ilitolewa lini?" Ikiwa hakuna hati, sema hivyo na uombe maneno yako yaandikwe katika kumbukumbu. Karatasi ya mahudhurio nayo isikutishe. Kuitia saini ni kuthibitisha kwamba ulikuwapo tu, ila ni busara kutazama juu ya ukurasa uone kama pameandikwa "waliohudhuria" au "waliokubali".

## Ujenzi na matumizi ya ardhi

5. Ni kazi gani zinazohitaji kibali cha kaunti?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza kuanza ujenzi wowote bila kibali cha kaunti, na atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili. Neno "ujenzi" hapa ni pana kuliko kuinua ukuta. Kuongeza ghorofa, kugawa ploti na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni vyote vinaingia.

Jambo la mwisho ndilo linalowashangaza wengi. Mtu hukarabati nyumba ya baba yake, huweka vitanda sita na vyandarua, huanza kupokea watalii, akiamini hajajenga chochote. Kwa macho ya sheria amebadilisha matumizi ya jengo, na hilo nalo lina kibali chake.

Kupaka chokaa, kubadilisha mlango uliooza kwa mwingine wa aina ile ile au kuziba paa linalovuja ni matengenezo ya kawaida, lakini ukiwa ndani ya Mji Mkongwe soma kwanza swali linalofuata.

6. Nyumba yangu iko ndani ya Mji Mkongwe. Je, kibali cha kaunti kinatosha?

Hakitoshi. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Eneo la kiini ni dogo, takriban hekta 16, lakini ndani yake kila kazi inayogusa sura ya jengo inahitaji pia idhini ya Makumbusho ya Taifa, chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Makumbusho wana ofisi ya uhifadhi hapa hapa mjini, na mtu mwenye hekima huanza huko kabla ya kumlipa msanifu majengo, kwa sababu mchoro uliokwisha kulipiwa huuma sana kuurarua.

Wanachokiangalia hasa ni urefu wa jengo, mlango wa mbele na daka lake (kibaraza cha mlangoni), ukubwa wa madirisha yanayotazama njia, aina ya paa, na mawikio, yale madaraja ya vyumba yanayopita juu ya vijia na kuunganisha nyumba mbili. Wikio lina utata wake wa pekee, kwa kuwa mara nyingi huwa la familia mbili zilizokuwa moja, na leo hakuna mwenye karatasi inayosema ni la nani. Ukitaka kulibomoa au kulijenga upya, pata kwanza maandishi ya upande wa pili.

Watu huuliza kwa nini mwenye nyumba aombe ruhusa kwa ofisi mbili juu ya mali aliyoirithi, na swali hilo ni la haki. Ofisi hizi mbili zingeweza kupokea maombi kwenye dirisha moja na zikawaondolea watu safari. Hadi hapo zitakapofanya hivyo, peleka nakala moja ya michoro kila upande siku ile ile, na kila upande upige muhuri wa kupokea.

7. Kwa nini tunakatazwa saruji, wakati boriti ni ghali na chokaa hakipatikani kirahisi?

Hili ndilo swali linalotamkwa kwa hasira kuliko yote, na jibu la "ni kwa ajili ya watalii" si jibu. Kuta za nyumba kongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea.

Nimeliona hilo katika nyumba ya bibi yetu, upande wa Mkomani. Fundi alipiga saruji nzuri, laini kama ubao, na miaka mitatu ya kwanza kila mgeni aliisifu. Mwaka wa nne lipu ikaanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kidole, kisha ikabanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai, na nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na kufanya chumvi nyeupe. Ncha za boriti mbili zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza kiasi cha kuchimbika kwa kijiko. Gharama ya kuzibadilisha ilizidi mara kadhaa ile tuliyodhani tumeiokoa.

Kuhusu gharama, walalamikaji wana hoja. Boriti hutoka katika mikoko, na marufuku ya taifa ya kukata miti iliyoanza Februari 2018 iliwaumiza wakataji wa Lamu na kupandisha bei kwa wajenzi. Ukataji wa mikoko husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, wala si kaunti. Lakini kaunti ina bajeti na ina ada: inaweza kupunguza ada ya kibali kwa anayejenga kwa vifaa vya asili, au kusaidia mafundi wa chokaa wafundishe vijana. Hayo ni mapendekezo ya kupeleka wakati wa Mswada wa Fedha na wa mpango wa mwaka (swali la 3).

8. Nimepeleka maombi ya kibali na sijajibiwa. Nifanye nini?

Hesabu siku zako kuanzia tarehe ya muhuri wa kupokea. Sheria ya 2019 inasema kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Nakushauri usiitumie kanuni hiyo kama panga. Andika barua fupi siku ya 61, utaje tarehe ya kupokelewa na uambatanishe nakala, ili atakayekuja kukusimamisha akute karatasi. Kimya cha kaunti pia hakiwi idhini ya Makumbusho, kwa hiyo walio ndani ya Mji Mkongwe wasianze kwa kukitegemea.

9. Jirani anajenga ghorofa inayoziba upepo na kutazama ndani ya kiwanda chetu, yaani ua wa ndani ya nyumba. Naweza kupinga?

Unaweza, na mapema ndiyo siri. Pinga kwa barua maombi yanapotangazwa, na utaje madhara mahususi: dirisha lipi litatazama kiwanda, maji ya paa yataangukia wapi, ukuta wa pamoja utabeba mzigo gani. Faragha ya kiwanda si upuuzi katika mji ambao nyumba zake zilijengwa zikitazama ndani. Iandike kama hoja ya mpango wa mji, na maafisa wataielewa.

Kibali kikishatolewa, aliyeathirika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango ya ardhi, na asiporidhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache. Mimi mwenyewe nilizipoteza wakati mmoja nikimsubiri afisa aliyeniambia kwa simu kwamba "jambo lako linaangaliwa". Liliangaliwa hadi siku ya 20, na kufikia hapo zege lilikuwa limeshamwagwa. Peleka rufaa ya maandishi, kisha endelea na hayo mazungumzo ukipenda.

10. Nimebandikiwa notisi ya kusimamisha ujenzi au kubomoa. Je, watakuja kesho?

Notisi halali hueleza kosa, hatua inayotakiwa na muda wa kuitekeleza. Unaweza kuikatia rufaa kwa kamati ile ile iliyotajwa katika swali la 9. Simamisha kazi papo hapo, kwa sababu kuendelea kujenga baada ya notisi ni kosa jingine la jinai, na piga picha za hali ya jengo siku hiyo. Notisi isiyo na jina la ofisi, tarehe wala saini ipeleke kwenye idara ya mipango ukaulize kama ni yao, kabla hujampa mtu yeyote fedha za "kulimaliza".

11. Mpango mpya wa matumizi ya ardhi ukipitishwa na eneo letu likabadilishwa, tutahamishwa?

Mpango wa matumizi ya ardhi haunyang'anyi umiliki. Unaeleza kinachoruhusiwa kujengwa kuanzia siku unapoanza: makazi, biashara, kilimo, hifadhi, au mchanganyiko. Nyumba iliyokuwapo kihalali hubaki, ila ukitaka kuipanua utapimwa kwa kanuni mpya. Serikali ikitaka ardhi yenyewe kwa matumizi ya umma, lazima ifuate utaratibu wa kutwaa ardhi kwa lazima kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi na kulipa fidia.

Sehemu moja ya mpango inastahili macho ya kila mtu, hata asiye na ploti huko, nayo ni matuta ya mchanga ya Shela. Maji matamu ya kisiwa hiki ni mvua iliyochujwa na mchanga huo ikalala juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Ukijenga juu ya matuta unapunguza eneo la kunyonya mvua na unaongeza mashimo ya choo juu ya kisima cha mji mzima. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda. Kila mara pendekezo la kugawa ploti upande huo linapotajwa, wanaolipinga huitwa maadui wa maendeleo. Ndoo ya maji ya chumvi jikoni huligusa kila kundi, wawe wenye ploti au wasio nazo.

## Makazi, kodi na ada

12. Nyumba za bei nafuu za serikali ni za nani, na kaunti ina sauti gani?

Mpango huo ni wa taifa, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Nyumba za kijamii ni za wenye kipato kisichofikia shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu ni za wenye kati ya 20,000 na 149,000. Usajili hufanywa kwenye mtandao wa Boma Yangu. Kujisajili si kupewa nyumba.

Sauti ya kaunti iko katika ardhi, kibali na huduma: nyumba zijengwe wapi, maji yatatoka wapi, na maji taka yataenda wapi. Maswali hayo yaulizwe kabla ya mradi kupewa ploti. Jambo jingine la kuuliza ni umbo la nyumba zenyewe, kwa kuwa mchoro uliochorwa kwa ajili ya Nairobi, wenye dirisha dogo na paa bapa lisilo na kivuli, huwa tanuri katika joto la Machi la pwani.

13. Kaunti inaweza kumzuia mwenye nyumba kupandisha kodi?

Hapana. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ziko chini ya baraza la taifa la udhibiti wa kodi za nyumba, na za biashara zina baraza lao. Kodi nyingine hufuata mapatano ya pande mbili.

14. Kuna tofauti gani kati ya kodi ya ardhi ya kaunti na ile ya serikali ya taifa?

Ile ya kaunti, ambayo watu huiita "reti", ni kodi ya mali, na Ibara ya 209 ya Katiba inaipa kaunti mamlaka ya kuitoza kwa kufuata thamani iliyoorodheshwa. Ile ya taifa ni pango la ardhi ya mkataba wa miaka, na hulipwa na mwenye mkataba peke yake. Stakabadhi ya moja haifuti deni la nyingine. Thamani mpya zinapoorodheshwa, hutolewa muda wa kupinga. Anayeona nyumba yake imethaminiwa kama hoteli alete pingamizi wakati huo, si siku ya kudaiwa.

## Huduma za mji

15. Malalamiko ya maji, taka na mitaro yapelekwe wapi?

Maji ni ya kampuni ya maji ya kaunti, na taka na mitaro ni za manispaa. Taarifa yenye mahali, tarehe na picha hujibiwa haraka kuliko ile ya jumla. Kwa upande wa mitaro ya vijiani, hata bajeti iongezwe, maji ya jikoni yakiendelea kukutana na mifuko na vifupa hapo hapo, mvua ya masika itayarudisha mlangoni kwa mwenyewe.

16. Je, pikipiki zitaruhusiwa mjini, na punda watawekewa masharti?

Suala hili hurudi kila mara, na lina pande mbili za kweli. Vijana wa bodaboda wanatafuta riziki, na mgonjwa wa Wiyoni anayekimbizwa hospitali usiku hana muda wa kusubiri mkokoteni. Kwa upande mwingine Usita wa Mui ni njia ambayo punda wawili wenye mizigo ya mchanga wakikutana, mmoja wao hurudi kinyumenyume hadi kwenye daka la mtu. Humo hamna nafasi ya pikipiki, mtoto wa madrasa na mzee mwenye mkongojo kwa wakati mmoja.

Kaunti ina mamlaka juu ya usafiri na maegesho kwenye barabara zake, kwa hiyo inaweza kupanga njia na saa. Pendekezo ninaloliona la busara ni kuzuia pikipiki ndani ya mji wa mawe na kuziruhusu nyuma yake, pamoja na ruhusa ya dharura. Punda nao wanahitaji kanuni ya mzigo na ya malisho, kwa maana punda anayekula kwenye jaa ni tatizo la mwenye punda na la manispaa pia.

17. Moto ukitokea, gari la zimamoto litapita wapi?

Ndani ya mji wa mawe halipiti, na ndiyo maana swali hili lazima liulizwe kwenye bajeti kabla ya tukio. Kinachofaa hapa ni pampu ndogo za kusukumwa kwa mkono, mabomba ya maji yenye viunganishi vya zimamoto kando ya njia, na vijana wa kila mtaa waliofunzwa. Paa za makuti zilizobanana huongeza hatari, na waya za umeme zilizounganishwa kienyeji huongeza zaidi. Katika mkutano uliza idadi ya pampu zilizopo na mara ya mwisho zilipojaribiwa.

## Hali za pekee

18. Nyumba ni ya urithi na warithi wametawanyika. Nani atie saini maombi?

Maombi ya kibali yanataka mwenye mali au aliyeidhinishwa naye. Kwa familia ya Kiislamu, anzeni kwa Kadhi mpate uamuzi wa mirathi unaotaja warithi na mafungu yao, kisha warithi wampe mmoja wao idhini ya maandishi. Aliye Muscat au Mombasa anaweza kuidhinisha akiwa huko kwa hati iliyoshuhudiwa na wakili.

Shangazi mmoja aliniuliza: "Mwanangu, mimi nimeitunza nyumba hii miaka thelathini, hao wengine hawajui hata mlango umefungwaje, na wao watie saini?" Ndiyo, shangazi, na wao. Matunzo yako yanaweza kudaiwa katika hesabu ya mirathi, lakini hayaondoi fungu la mtu.

Nyumba ya wakf haina mwenye kuiuza. Mabadiliko yake hupitia kwa msimamizi na kwa Tume ya Wakf, nao hutazama masharti ya aliyeiweka wakf kabla ya kutazama michoro.

19. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa lakini sina hatimiliki. Nina haki ya kusikilizwa?

Haki ya kushiriki katika mpango na bajeti ni ya mkazi, haitegemei hatimiliki. Kibali cha kujenga ndicho kinachohitaji uthibitisho wa haki juu ya ardhi. Kusanya ulichonacho: barua za chifu, stakabadhi za zamani, hati ya ununuzi ya mzee, na majina ya majirani wanaokubali mipaka. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Lamu Mashariki, inaangukia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na hapo jamii husajiliwa kwanza, kisha ardhi yake.

20. Mkutano ulifanyika Mokowe siku ya kuvua na sikuweza kwenda. Nimekosa?

Maoni ya maandishi yana uzito sawa na ya mdomo, mradi yafike kabla ya tarehe iliyotangazwa. Yaandike kwa Kiswahili, taja sehemu ya hati unayoizungumzia, na umpe karani wa Bunge au idara husika apige muhuri kwenye nakala yako. Asiyeandika amtume mwanawe aandike, naye aweke alama ya kidole. Mnaweza pia kuomba mikutano ipangwe kufuata maji na mbaamwezi badala ya ratiba ya ofisi. Ombi hilo ni la haki kabisa katika kaunti ya visiwa.

Jambo likiwa tayari limeamuliwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi rasmi bungeni, hata la kutaka sheria irekebishwe au ifutwe.

21. Nimeomba nakala ya bajeti au ya kibali cha mradi na ninazungushwa. Kuna muda wa mwisho?

Upo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Si lazima ueleze unaitakia nini. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala pamoja na nakala ya barua yako yenye muhuri. Karani akikataa kupiga muhuri, andika jina la ofisi, saa na tarehe juu ya nakala yako mbele ya shahidi, kisha uitume tena kwa baruapepe siku hiyo hiyo ili tarehe ionekane.